Nzi Anayesimama Hewani: Jinsi ya Kumtambua na Kumwandika Mpaka Ajulikane Ni Nani

Mwaka wangu wa kwanza wa kushika wavu niliamini nimevumbua mdudu. Nilikuwa uani kwetu Tudor, Mombasa, mvua imepita, mtaro wa nyuma unanuka, na juu ya jani la mpapai ametua nzi mnene wa kijani, anameta kama karatasi ya peremende, kila bawa lina doa jeusi. Nilidhani ni nzi wa jaani. Aliporuka hakwenda mbali. Alisimama hewani mbele ya uso wangu, kimya, hasogei mbele wala nyuma, kisha akapotea. Nilimnasa siku ya tatu. Nikapekua vijitabu vya wadudu wa Afrika Mashariki nilivyokuwa navyo, hayumo. Nikatangaza kwa marafiki. Jina nilikuwa nimeshamtungia, na nisiseme ni jina gani.

Aliyenizindua ni mtaalamu mmoja niliyempelekea picha. Jibu lake lilikuwa maneno mawili tu: Ornidia obesa. Nzi huyo alipewa jina na mtaalamu wa wadudu Fabricius mwaka 1775. Asili yake ni Amerika ya joto, naye amevuka bahari akaenea visiwa vya Bahari ya Hindi na pwani zetu. Mabuu yake hulelewa kwenye uchafu unaooza, na vyoo vya shimo ni miongoni mwa makao yake. Kumbe nilichovumbua ni mgeni wa zamani wa mtaroni.

Tangu siku hiyo nafuata mpango mmoja: kwanza naandika nilichokiona, jina linakuja baadaye, na neno "mpya" linangoja nyuma kabisa. Mwongozo huu umepangwa kwa njia hiyo hiyo. Mdudu mwenyewe nitamwita nzi-maua. Mitaani watu humwita nzi tu, au humdhania nyuki.

Hakikisha kwanza ni yeye

Familia yake huitwa Syrphidae, katika oda ya Diptera, yaani wadudu wa mabawa mawili. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani zapita 6,000, na Afrika kusini mwa Sahara ina takriban 600. Wengi wamevaa mistari ya nyuki au nyigu, na vazi hilo linawafaa, maana ndege na watu huwakwepa. Jirani yangu mpanda kunde aliniona siku moja nimeinamia maua yake, akaniita kutoka dirishani:

"Mwanangu, nyuki hao hawakuumi?"

"Si nyuki, bibi, ni nzi."

"Nzi wa kula maua? Nzi namjua mimi, halaji maua."

Tulimshika mmoja tukamtazama pamoja, na mambo aliyoyaona bibi ndiyo ya kuanza nayo. Nyuki ana mabawa manne. Huyu ana mawili, na nyuma ya kila bawa pana kirungu kidogo cha rangi ya maziwa au manjano, ambacho humsaidia kushika mizani akiruka. Vipapasio vya nyuki ni virefu, vimepinda kama kiwiko. Vya nzi-maua aghalabu ni vifupi, na kila kimoja kina unywele uliochomoza. Macho yamechukua karibu kichwa kizima. Mwiba hana kabisa, na ukimfumba mkononi hatakufanya kitu.

Hayo yanamtenga na nyuki, lakini nzi wa aina nyingine pia hukaa mauani. Hapa sasa ni lazima uingie kwenye bawa. Liweke bawa mbele ya mwanga na ulitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Yangu ni lenzi ya sonara. Ni rahisi kupatikana kwa wauza vifaa vya dhahabu, hukunjika ikaingia mfukoni, na mpaka leo sijaona haja ya nyingine ya kutembea nayo. Katikati ya bawa, kufuata urefu wake, utaona mstari unaofanana na mshipa ila haujashika popote. Hauanzi kwenye mshipa, hauishii kwenye mshipa, na njiani unakatiza mshipa mmoja mfupi wa kupitana. Huo ndio mshipa wa uongo, wataalamu huuita vena spuria, na karibu kila nzi-maua anao. Kuna wachache ambao kwao umefifia, hivyo tazama na alama ya pili: kwa nzi wa kawaida mishipa hufika mpaka ukingoni mwa bawa, lakini kwa nzi-maua miwili ya mwisho hugeuka kabla ya kufika, ikaenda sambamba na ukingo kama pindo la leso.

Yule wa kijani wa mtaroni ningemjua mapema kama ningelitazama bawa. Nzi wa jaani, pamoja na kijani chake, hana mshipa wa uongo, na mgongo wake una manyoya magumu yaliyosimama kama sindano. Nzi-maua wengi hawana sindano hizo.

Papo hapo amua kama ni dume au jike. Macho yakigusana juu ya kichwa, ni dume. Yakiwa yametengwa na ukanda wa paji la uso, ni jike. Zipo jenasi, yaani vikundi vya spishi za karibu, ambazo hata dume macho yake yametengana, basi thibitisha kwa kutazama ncha ya tumbo: ya dume imejikunja chini na kuvimba upande mmoja, ya jike imechongoka.

Pa kumpata

Anza nyumbani. Kundi moja kubwa la nzi-maua, Syrphinae, mabuu yake mengi hula vidukari, na jike hutaga mayai pale pale vidukari walipojaa. Ndiyo maana shamba dogo la kunde, mbaazi au bamia lenye vidukari lina thamani kuliko bustani ya hoteli iliyopigwa dawa kila wiki. Kundi la pili, Eristalinae, lina jenasi ambazo mabuu yake huishi kwenye maji yaliyotuama yenye majani yaliyooza: pipa lililosahauliwa, mtaro, shimo la maji machafu. Buu hilo lina mkia mrefu kama wa panya, nalo hupumua kwa mkia huo likiwa limezama. Watu huliona wakadhani ni mnyoo.

Maua wanayoyapenda ni madogo na ya wazi, kwa kuwa ulimi wao ni mfupi. Mombasa tegemea mchunga, kishona-nguo, kivumbasi na mrehani uliokwisha kutoa maua. Kando ya hori la Tudor, pale nchi kavu inapokutana na mikoko, mchunga ukichanua asubuhi utapata spishi nne au tano bila kuhama. Bamburi, katika Haller Park, yale machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971, yana vivuli na mabwawa, lakini pale utaingia kutazama na kupiga picha. Wavu ni mpaka uruhusiwe.

Saa nzuri ni kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi, halafu tena alasiri jua likipunguza ukali. Baada ya mvua za masika na za vuli ndipo wanapokuwa wengi. Kusi likivuma, usihangaike mahali pa wazi. Zunguka ukuta au kichaka uende upande wa demani, uliokingwa na upepo, utawakuta wamejikusanya huko wanaelea.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Kupiga picha uani kwako hakuhitaji karatasi. Ukitaka kukusanya kwa ajili ya utafiti, omba leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Ukiingia hifadhi, kama Shimba Hills huko Kwale, utahitaji pia idhini ya wasimamizi wa wanyamapori. Na kumtoa mdudu nje ya nchi kuna kibali chake. Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, zina wazee wake, nao ndio wa kwanza kuulizwa. Fanya haya kabla, kwa sababu majarida ya sayansi huulizia vibali, na hapo huwezi tena kurudi nyuma.

Picha kwanza, wavu baadaye

Rangi ya mdudu hai na ya mdudu mkavu ni mbili tofauti. Manjano hugeuka kahawia, na macho hubadilika haraka. Kwa jenasi ya Eristalinus hasara hiyo ni kubwa, kwa kuwa macho ndiyo sura yake: Eristalinus taeniops ana mistari ya wima machoni kama pundamilia, Eristalinus megacephalus ana madoa yaliyotawanyika kama aliyemwagiwa wino. Wote wawili wameenea sana Afrika. Simu yenye lenzi ya kukuza inayobanwa juu yake inatosha. Piga juu ya mgongo, ubavuni, usoni, na ukibahatika, bawa likiwa limetandazwa. Picha ya ubavuni ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayoonyesha rangi za miguu.

Wavu nao una namna yake. Usimwendee nzi-maua kwa mbele, anakuona. Pitisha wavu kutoka nyuma na chini, kwa mkono mmoja wa haraka, kisha ugeuze mpini ili mfuko ujikunje. Akishanaswa hukimbilia juu, basi inua ncha ya mfuko, apande mwenyewe, uingize kichupa kwa chini. Mtie kwenye friza usiku kucha. Ni njia safi kuliko dawa, nayo haiharibu rangi.

Pini

Pini za kushonea usitumie. Kwa hewa yetu ya chumvi, miezi michache tu zimeshika kutu, na kutu hupasua kifua cha mdudu. Tafuta pini za wadudu za chuma kisichoshika kutu, namba 1 au 2. Mchome kifuani, kidogo upande wa kulia wa mstari wa kati, ili upande wa kushoto ubaki mzima wa kusomwa. Kabla hajakauka, vuta miguu iwe chini na mbali na mwili, sukuma mabawa pembeni, na kwa dume, tumia pini nyembamba kuchomoa kidogo ile sehemu iliyojikunja mwishoni mwa tumbo. Dakika tano za sasa zitakuokolea nusu siku baadaye.

Sanduku langu la kwanza lilikuwa la viatu. Asubuhi moja nililifungua nikakuta pini zimesimama wima zote, lebo zake ziko, na kwenye pini kumi na saba hakuna nzi. Chungu walikuwa wamewabeba wote, wakaacha mabawa tu chini kama maganda ya karanga. Sasa natumia kopo la plastiki linalofunga kwa mpira, ndani mna vifuko vya silika vya kukausha hewa na tembe ya naftalini iliyofungwa kwenye kitambaa. Wakati wa masika vifuko vya silika lazima nivianike au nivipashe moto kila baada ya wiki mbili, la sivyo ukungu huota hata kwenye macho.

Lebo yaweza kuonekana jambo dogo, lakini mdudu asiye na lebo ni takataka, awe mzuri namna gani. Nawaambia hivi wanafunzi wanaonitembelea na wananuna. Andika nchi, mji, mahali hasa, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, njia ya kukamata, ua au mmea, na jina la aliyekamata. Kwa mfano, mwinuko na jina vikiwa bado kuongezwa:

KENYA: Mombasa, Tudor, ukingo wa mikoko, 4.04°S 39.66°E, 14.xi.2022, wavu, kwenye maua ya mchunga.

Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili asitokee mtu wa kuuliza kama 5/6 ni Mei au Juni. Tumia wino wa kudumu au printa ya leza, karatasi ngumu, herufi ndogo, na uichome lebo kwenye pini ile ile ya mdudu. Daftari ni nyongeza, daftari hupotea.

Kuusoma mwili

Hapa ndipo kazi ilipo. Utahitaji hadubini ya kutazama kwa macho mawili, inayokuza kuanzia mara 10 mpaka 40, na taa yenye mwanga mpole. Funika taa kwa kipande cha karatasi nyeupe, kwa kuwa mng'ao mkali hudanganya rangi. Kabla ya kufungua kitabu chochote, mwandike mdudu kwa maneno yako, kwa mpangilio usiobadilika: vipimo, kichwa, kifua, bawa, miguu, tumbo. Ukianza na kitabu utaona kile kitabu kinachotaka uone. Mimi nilikiona mara nyingi.

Mchukue dume mmoja niliyemkamata kwenye kunde za bibi. Daftari langu linasema hivi:

Urefu wa mwili bila vipapasio milimita 9, bawa milimita 7. Kichwa: uso wa manjano, katikati una kinundu; macho hayana manyoya, yamegusana; vipapasio vya rangi ya machungwa iliyopauka. Kifua: mgongo mweusi wa kung'aa, pembeni kila upande una ukanda wa manjano uliokatwa wazi, kibao cha nyuma, kile chenye umbo la nusu mwezi kiitwacho skutelo, ni cha manjano na kiza kidogo katikati. Bega halina manyoya. Bawa: angavu, mshipa R4+5 (ule mrefu unaokimbilia ncha ya bawa) umenyooka karibu wote. Miguu: ya manjano, paja la nyuma lina kiza kuelekea gotini, kwenye kipingili kidogo kati ya nyonga na paja la nyuma kuna mwiba mrefu. Tumbo: jeusi, pingili ya pili ina madoa mawili ya manjano yaliyotengana, ya tatu na ya nne madoa yaliyopinda kama hilali.

Soma tena habari ya mwiba. Hauonekani kwenye picha ya simu, na mtu anayependa rangi angeuruka. Lakini kipingili chenye mwiba namna hiyo kwa dume ndiyo alama ya jenasi Ischiodon, na kwa huku kwetu mwiba huo pamoja na ukanda wa manjano wa kifuani unakufikisha kwa Ischiodon aegyptius, spishi aliyoitaja mtaalamu wa nzi Wiedemann mwaka 1830. Kwa muda mrefu ilichanganywa na nduguye wa Asia, Ischiodon scutellaris.

Na rangi je? Iandike, lakini usiitegemee peke yake. Kwa spishi nyingi za nzi-maua, pupa, yaani buu aliyejifunga kabla ya kutoka na mabawa, aliyekulia kwenye baridi hutoka mtu mzima mweusi zaidi, na aliyekulia kwenye joto hutoka na manjano mapana. Wawili wa spishi moja, mmoja wa Julai na mmoja wa Februari, waweza kuonekana kama spishi mbili. Kwa hiyo pima angalau madume watano na majike watano kabla ya kusema doa hili ni kubwa au dogo, na uandike mipaka yote miwili, mdogo kabisa na mkubwa kabisa.

Neno jingine la ushauri: epuka "kiasi", "kidogo" na "karibu" yasiyo na kipimo. Usiseme paja ni nene. Sema unene wake ni theluthi moja ya urefu wake. Atakayesoma maelezo yako huenda yuko Pretoria au Tervuren huko Ubelgiji, na mdudu wako hatamwona.

Kumshusha mpaka jenasi

Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa maswali ya ama hili ama lile. Wa kutegemewa kwa jenasi za Afrika umo katika juzuu ya tatu ya Manual of Afrotropical Diptera, iliyotoka mwaka 2021. Watu wengi huanguka swali la kwanza, kwa kuwa hawajui bega ni lipi. Bega ni kile kinundu kilichopo kona ya mbele ya kifua, nyuma tu ya kichwa. Inamisha mdudu mpaka ulione. Likiwa halina manyoya, na kichwa kimejibana hapo kama kofia, uko kwenye Syrphinae. Likiwa na manyoya, uko kwenye Eristalinae au jamaa zake. Vipapasio virefu isivyo kawaida vikutie shaka ya Microdontinae, wale ambao mabuu yake huishi ndani ya viota vya chungu.

Ukiwa Eristalinae, rudi kwenye bawa. Mshipa R4+5 ukizama kwa pindo kubwa, kama mto uliokutana na jabali, uko kwenye ukoo wa Eristalini. Halafu tazama seli r1 (seli ni kijichumba cha bawa kati ya mishipa), ile ya karibu na ukingo wa mbele: imefungwa kabla ya kufika ukingoni, au iko wazi? Iliyofungwa itakupeleka kwa Eristalinus na Phytomia. Iliyo wazi kwa Mesembrius. Macho yenye madoa au mistari yanamaliza ubishi wa Eristalinus. Kijinzi kidogo chembamba chenye paja la nyuma lililovimba kama la panzi kinaelekea Syritta. Na ukiwa kwenye Syrphinae, kidogo cha milimita tano au sita, cheusi chenye uso wa manjano, kwenye nyasi za chini, anza na Paragus.

Ukifika mahali ambapo majibu yote mawili yanaonekana sawa, usichague kwa moyo. Fuata njia zote mbili mpaka mwisho. Moja itakuambia mdudu ana kitu ambacho huyu wako hana.

Kutoka jenasi mpaka spishi

Mtaalamu wa nzi Mario Bezzi alichapisha mwaka 1915 kazi kubwa juu ya Syrphidae wa Afrika, na funguo zake bado hutajwa. Zitumie kama ramani ya zamani: njia kuu zipo, mitaa imebadilika. Jenasi kadhaa, Phytomia na Senaspis zikiwamo, zimeandikwa upya miaka ya karibuni. Soma andiko la karibuni kwanza, kisha urudi kwenye maelezo ya asili. Jina la mtu likiwa ndani ya mabano, kama Eristalinus taeniops (Wiedemann, 1818), maana yake aliyeipa spishi jina aliiweka kwenye jenasi nyingine; utafute maelezo yake chini ya jenasi hiyo ya awali, usije ukasema hayapo.

Pale sura ya nje inapokwama, dume ndiye shahidi. Viungo vyake vya uzazi, hasa ile jozi ya vikoleo mwishoni, hutofautiana kati ya spishi zinazofanana kama mapacha. Mlainishe mdudu mkavu kwa kumweka siku moja au mbili kwenye kopo lenye sponji yenye maji na tone la dawa ya kuua ukungu. Kata ncha ya tumbo, iloweke usiku kucha kwenye mmumunyo wa potasiamu haidroksidi wa asilimia 10 ili nyama iyeyuke, suuza kwa maji, kisha itazame ndani ya glisirini. Vaa glavu na miwani. Dawa hiyo inachoma ngozi na hairudishi jicho. Chora unachokiona, ubavuni na kwa juu. Kipande kisitupwe: huwekwa kwenye kichupa kidogo chenye glisirini, na kichupa huchomwa kwenye pini ya mwenyewe.

Kwa DNA, mguu mmoja unatosha, kutoka upande wa kulia, uliotiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi siku ya kukamatwa. Sehemu inayosomwa kwa kawaida ni ya jeni la COI, herufi 658. Inasaidia kumuunganisha jike na dume wa spishi moja, na kuwatenga wanaofanana. Haikuondolei kazi ya hadubini, hata kama maabara itakuambia hivyo.

Ikiwa kweli hajawahi kupewa jina

Sasa, na ni sasa tu, lile neno linaweza kutajwa. Umelinganisha mdudu wako na kila spishi ya jenasi yake Afrika, ukatazama na za Asia na Amerika kwa sababu ya wasafiri kama yule wangu wa kijani. Umeomba picha za vielelezo vya asili, yaani wadudu wenyewe waliobeba majina tangu mwanzo, kutoka makumbusho ya London, Tervuren, Copenhagen au Vienna. Wahifadhi wake hujibu barua pepe zilizoandikwa kwa adabu na swali moja lililo wazi. Una zaidi ya mdudu mmoja. Tofauti yako haisimami juu ya rangi peke yake.

Sheria ni za Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, zilizoanza kutumika 1 Januari 2000. Teua holotaipu, mdudu mmoja tu atakayebeba jina, na ni lazima useme amewekwa mkusanyiko gani. Kwa mdudu wa Mombasa, mimi sioni pa kumpeleka mbele ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi. Vielelezo vingi vya zamani vya nchi hii viko Ulaya na kila anayetaka kuviona analipa nauli. Wenzake wa kundi hilo huitwa parataipu, na hao waweza kugawiwa makumbusho mengine.

Jina la spishi huandikwa kwa herufi za Kilatini na, likiwa kivumishi, hufuata jinsia ya jenasi. Jina la mahali hupata -ensis kwa jenasi ya kiume au ya kike, -ense kwa isiyo na jinsia. Jina la mwanamume huongezwa -i, la mwanamke -ae. Angalia kwanza kama neno hilo halijatumika katika jenasi hiyo. Kujiita mwenyewe hakukatazwi na Kanuni, ila utachekwa mpaka uzeeni.

Andiko lenyewe lina sehemu ya utambuzi, yaani sentensi chache zinazosema anatofautianaje na ndugu zake wa karibu zaidi, kisha maelezo kamili kwa mpangilio ule wa daftari, vielelezo vilivyotazamwa na lebo zao kama zilivyoandikwa, maana ya jina, mahali anapopatikana, na picha. Sehemu ya utambuzi iandike mwisho, ukiwa umechoka na mdudu huyo. Ndipo unapojua kinachomtenga kwa sentensi tatu. Jina lililotangazwa kwenye ukurasa wa kijamii halihesabiki. Sharti lichapishwe, na jarida likiwa la mtandaoni tu, kazi iandikishwe ZooBank, kama kanuni zilivyorekebishwa mwaka 2012.

Holotaipu huvikwa lebo nyekundu. Ukimpeleka Nairobi, funga kopo la pini ndani ya sanduku kubwa lililojazwa sponji pande zote, chomeka pini mbili za ziada kila ubavu wa mdudu asizunguke, na safarini sanduku likae mapajani mwako, si kwenye buti la basi. Mguu ukikatika njiani, utie kwenye kifuko cha karatasi na ukichome kwenye pini yake.